Mizani haisemi na laptopu: kutafuta kosa kwenye laini ya siriali kwa kutumia picocom

Msimu wa korosho ukifunguliwa, maghala ya vyama vya msingi kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa yanajaa magunia tangu asubuhi. Penye mizani ya kidijitali iliyounganishwa na laptopu, uzito hutoka kwenye indiketa (kisanduku cha mizani kinachoonyesha namba), hupita kwenye kebo nyembamba ya siriali, inayobeba data biti moja baada ya nyingine, na kuingia moja kwa moja kwenye rekodi. Kebo ile ikinyamaza, karani anarudi kwenye kalamu na daftari, na hapo ndipo 86 inapogeuka 68. Mkulima aliyesimama pembeni ya gunia lake ana haki ya kuona namba ileile kwenye mizani na kwenye risiti. Kwa hiyo fundi anayeitwa ghalani hana nafasi ya kubahatisha, maana nyuma yake kuna foleni ya watu waliotembea na mzigo.

Mwongozo huu ni wa fundi huyo. Nimechukua mizani kama mfano mkuu kwa kuwa ndiyo kazi inayotuita zaidi huku Kusini, lakini hatua ni zilezile kwa swichi ya ofisini Shangani, ruta ya hoteli, GPS ya boti pale Mikindani au moduli ya GSM inayowasha pampu ya maji kijijini. Laptopu iwe na Linux. Programu ninayotumia kusoma na kuandika kwenye laini hiyo ni picocom, nayo nimeichagua kwa sababu moja kubwa: mipangilio yote unaiandika kwenye amri, na ikifunguka inakuonyesha kwenye kioo inatumia nini. Kati ya programu nyingine za kazi hiyohiyo, minicom hukumbuka mipangilio ya aliyekutangulia bila kukwambia, na screen haikuonyeshi chochote. Isakinishe kabla hujaondoka mjini, maana si kila ghala la Liwale utakuta mtandao:

sudo apt install picocom

Kuifungua:

picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0

Kutoka: shikilia Ctrl, bonyeza A, kisha X, bila kuachia Ctrl. Amri zote za ndani ya picocom huanza na Ctrl-A hiyohiyo.

Kabla ya dalili, shika jambo moja. Namba inayoonekana kwenye kioo cha laptopu imepita vituo vingi: indiketa imeiandika, chipu ya ndani imeigeuza kuwa volti, kebo imeibeba, adapta ya USB imeipokea, draiva imeichukua, faili la /dev (jina ambalo Linux huipa adapta, kama /dev/ttyUSB0) limeifikisha kwa programu. Mafundi wengi wakikuta kimya huanza kubadilisha baudi, yaani kasi ya kutuma na kupokea: 9600, 4800, 2400, wanazunguka saa nzima. Baudi isiyo sahihi huleta takataka. Kimya kinaletwa na mambo mengine kabisa, na kila dalili ina kituo chake. Ndiyo maana hapa chini nimepanga kwa kile unachokiona.

Umechomeka adapta, lakini /dev/ttyUSB0 haipo

Chomoa adapta. Fungua terminali, andika amri hii, kisha chomeka adapta huku unatazama:

sudo dmesg -w

Kama hakuna hata mstari mmoja uliotokea, Linux haijaiona adapta kabisa. Badilisha tundu la USB, kisha badilisha kebo kama adapta yako inatumia kebo ya kuchomoa. Kebo nyingi zinazouzwa madukani pamoja na chaji za simu zina nyaya mbili tu za umeme, hazina nyaya za data. Taa ya adapta itawaka vizuri na bado hakuna kitu kitakachopita.

Kama mistari imetokea, tafuta jina la chipu. lsusb itakupa namba yake: 1a86:7523 ni CH340, 0403:6001 ni FT232R ya FTDI, 067b:2303 ni PL2303 ya Prolific, na 10c4:ea60 ni familia ya CP210x. Zote hizi draiva zake zimo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux, kwa hiyo hakuna CD ya kutafuta. Hili ni faraja hasa kwa wenye PL2303 za zamani: kwenye Windows draiva mpya huzikataa, lakini kwenye Linux zinafanya kazi kama kawaida. Vifaa kama Arduino Uno vyenyewe havitokei kama ttyUSB. Vinatokea kama /dev/ttyACM0, kwa hiyo tazama majina yote mawili kabla ya kusema hakuna.

Kuna kisa kimoja kinachowasumbua sana wenye Ubuntu 22.04 na adapta za CH340, ambazo ndizo zimejaa madukani kwa kuwa ni za bei nafuu. Unachomeka, dmesg inasema ttyUSB0 imepatikana, na sekunde hiyohiyo inasema imeondoka. Soma mistari ile vizuri, utaona neno brltty. Hiyo ni huduma ya vifaa vya maandishi ya wasioona, na mojawapo ya vifaa vyake hutumia namba ileile 1a86:7523, basi inadhani adapta yako ni kifaa chake na kuinyakua. Kama kwenye mashine hiyo hakuna mtumiaji anayehitaji nukta nundu, iondoe:

sudo apt remove brltty

Kisha chomoa na kuchomeka upya. Kama yupo mtumiaji anayeihitaji, usiiguse. Tumia adapta yenye chipu nyingine.

Faili lipo, picocom inakataa kulifungua

Ujumbe ukisema "Permission denied", ni suala la ruhusa. Kwenye Debian na Ubuntu mafaili haya ni ya kundi la dialout, na mtumiaji wa kawaida hayumo. Mwingize:

sudo usermod -aG dialout $USER

Halafu atoke kabisa kwenye akaunti na kuingia tena. Kufunga terminali na kufungua nyingine hakutoshi. Najua wapo wanaotatua hili kwa kuweka sudo mbele ya kila amri, au kwa chmod 777. Usimwachie karani mashine ya namna hiyo: chmod inapotea adapta ikichomolewa tu, na kesho yake utapigiwa simu.

Ujumbe ukisema "cannot lock" au "Device or resource busy", kuna programu nyingine imeshaikalia laini. Itafute:

sudo fuser -v /dev/ttyUSB0

Mara nyingi ni programu yenyewe ya kurekodi uzito iliyobaki wazi nyuma ya madirisha mengine, au ni screen ambayo mtu alidhani ameifunga kumbe ameiacha ikiendelea. screen ikiachwa hivyo hushikilia laini hadi uifunge kweli au mashine izimwe. Pia kuna ModemManager, ambayo kwenye kompyuta nyingi hujaribu kila adapta mpya kwa kutuma amri za modemu. Kwa sekunde kadhaa baada ya kuchomeka, laini inakuwa yake, na mizani inapokea herufi isizozielewa. Kwenye laptopu ya ghala isiyotumia modemu ya USB, izime:

sudo systemctl disable --now ModemManager

Imefunguka vizuri, lakini kimya

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Kwanza hakikisha ni kimya kweli. Kuna herufi ambazo terminali haizionyeshi, na laini yenye baudi mbaya inaweza kukuletea hizo tu. Iambie picocom izionyeshe kwa namba:

picocom -b 9600 --imap spchex,8bithex /dev/ttyUSB0

Sasa kila herufi isiyo ya kawaida itaandikwa ndani ya mabano ya mraba, mfano [00] au [f8]. Ukiona mabano, nenda sehemu ya takataka. Usipoona chochote, endelea hapa.

Pili, igawe njia katikati. Chomoa kebo ya mizani kwenye adapta. Kwenye plagi ya pini tisa ya adapta, unganisha pini 2 na pini 3 kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi. Pini 2 ni ya kupokea, pini 3 ni ya kutuma. Ukiziunganisha, kila unachoandika kinazunguka na kukurudia. Andika herufi chache. Zikionekana, toa waya na uandike tena, zinapaswa kukoma. Hatua hiyo ya kutoa waya usiiruke, maana kama mwangwi wa ndani wa picocom umewashwa utaona herufi hata adapta ikiwa imekufa.

Jaribio hili linachukua dakika moja na linakupa nusu ya jibu. Herufi zikirudi, basi programu, ruhusa, draiva na adapta vyote ni vizima, na kosa liko upande wa kebo au mizani. Zisiporudi, acha mizani kabisa. Kosa liko mkononi mwako. Natamani kila kijana anayeanza kazi hii awe na waya huo mfupi kwenye mkoba wake kabla hajanunua kifaa kingine chochote.

Tatu, chukua multimita. Laini ya RS-232, ambayo ndiyo aina ya siriali ya plagi hii ya pini tisa, ikiwa imetulia, pini inayotuma huwa na volti hasi kulinganisha na ethi, ambayo ni pini 5. Kwa mujibu wa kiwango chenyewe, hali hiyo ni kati ya hasi 3 na hasi 15. Kwenye vifaa vingi utapima kama hasi 5 hadi hasi 12. Pini inayopokea haitoi volti yake, kwa hiyo inasoma sifuri au karibu yake. Basi weka waya mweusi wa multimita kwenye pini 5, mwekundu kwenye pini 3 ya adapta: utaona hasi. Sasa pima ncha ya kebo inayotoka kwenye mizani, ikiwa imechomolewa kwenye adapta na mizani imewashwa. Ipi ina hasi, pini 2 au pini 3?

Ikiwa ni pini 2, sawa: mizani inatuma pale ambapo adapta inapokea. Ikiwa ni pini 3, basi mizani na adapta zote zinatuma kwenye waya mmoja na zote zinasikiliza kwenye waya mwingine. Hamna kilichoharibika. Unahitaji kebo iliyopishanisha 2 na 3, ile ambayo mafundi huiita nal-modemu, au kipande cha kupishanisha cha kuchomeka katikati. Ikiwa hakuna hasi popote, ama kebo imekatika ndani, ama chipu ya kutuma kwenye indiketa imeungua, ama plagi ile si ya RS-232.

Hilo la mwisho lichukulie kwa makini. Kuna indiketa zenye plagi ya pini tisa ambayo ndani yake ni RS-485, aina nyingine ya laini ya siriali, na kuna bodi ndogo kama ESP8266, moduli za GSM na pini za ndani za ruta ambazo hutumia volti 3.3 au 5 tu. Kwenye bodi hizo laini iliyotulia husoma chanya, haisomi hasi. Ukiunganisha adapta ya RS-232 moja kwa moja na bodi ya volti 3.3, unaweza kuiunguza papo hapo. Katikati lazima iwepo chipu ya kugeuza, kama MAX3232. Na ukifungua ruta kutafuta pini za siriali, unganisha tatu tu: ethi, ya kutuma na ya kupokea. Ile ya umeme iache, ruta ina umeme wake.

Nne, volti ni sahihi, pini ni sahihi, bado kimya. Pengine mizani haijaambiwa iseme. Indiketa nyingi zina namna kadhaa za kutuma: mfululizo bila kukoma, pale uzito unapotulia tu, pale mtu anapobonyeza kitufe cha kuchapa, au pale kompyuta inapouliza. Weka mzigo juu ya mizani, subiri itulie, bonyeza kitufe cha kuchapa. Mstari mmoja ukitokea, laini ni nzima na kilichobaki ni kuchagua namna ya kutuma kwenye menyu ya mawasiliano ya indiketa.

Hapa naomba usikilize. Mizani ya biashara inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekwa lakiri. Menyu ya mawasiliano kwa kawaida ni tofauti na menyu ya urekebishaji wa uzito, na unaifikia kwa vitufe vya mbele. Ikiwa indiketa mliyo nayo inakutaka uvunje lakiri ili kufika huko, simama. Waite wenye mamlaka. Hakuna kebo yenye thamani ya kuifanya mizani ya wakulima ikose uhalali katikati ya msimu.

Tano, kuna indiketa zinazosubiri ruhusa ya waya. Zimepangwa zisitume mpaka pini ya CTS (pini 8, ya kuruhusu kutuma) iwe na volti chanya, nawe una kebo ya nyaya tatu tu, isiyobeba CTS. Zima udhibiti huo kwenye menyu ya indiketa. Kama menyu haina kipengele hicho, unganisha pini 7 na 8 kwenye plagi ya upande wa mizani ili ijiruhusu yenyewe.

Yanakuja maandishi, lakini ni takataka

Furahi kidogo, maana waya, draiva na ruhusa vyote vimeshajithibitisha. Kilichobaki ni makubaliano ya namna ya kusoma.

Ikiwa kila kitu ni takataka, hakuna hata namba moja inayoeleweka, ni baudi. Ndani ya picocom, Ctrl-A kisha Ctrl-U hupandisha, Ctrl-A kisha Ctrl-D hushusha, huna haja ya kufunga na kufungua. Tazama pia wingi wa herufi. Mizani ikituma mstari mmoja nawe ukapata herufi nyingi kuliko unavyotegemea, hasa [00], [80] na [f8], unasoma kwa kasi kubwa mno, shuka. Ukipata chache mno, unasoma polepole, panda. Kwa mizani anza na 9600, kisha 4800, 2400, 1200 na 19200. Swichi na ruta za Cisco hutoka kiwandani na 9600, MikroTik nyingi 115200, Raspberry Pi 115200. ESP8266 ina tabia yake: maneno ya kwanza inapowaka hutoka kwa 74880, kisha programu yako inaendelea kwa kasi uliyoipanga. Takataka kidogo mwanzoni ikifuatwa na maandishi safi hapo si tatizo.

Ikiwa umepita baudi zote na takataka haiishi, shuku volti. Adapta ya volti 3.3 iliyochomekwa kwenye laini ya RS-232 inaona kila kitu kimepinduliwa, hasi ikiwa chanya na chanya ikiwa hasi, na hakuna baudi itakayorekebisha hilo. Ichomoe haraka kabla haijaungua.

Sasa aina ya takataka ninayopenda kuieleza zaidi, kwa sababu inaonekana kama muujiza mbaya: baadhi ya namba zinasomeka vizuri kabisa na nyingine zimeharibika, na ni zilezile kila mara. Uzito wa 80.5 unakuja na 8 iliyoharibika, 0 na 5 nzima. Karani atakwambia, "Kaka, mizani hii leo haizijui namba nyingine." Kwa mwanga wa --imap 8bithex, mstari ambao ulipaswa kuwa

ST,GS,+0080.5kg

unaonekana hivi:

S[d4][ac]GS[ac]+00[b8]0.5[eb][e7]

Hiyo ni pariti. Mizani inatuma biti saba za herufi na ya nane ni ya ukaguzi, ambayo huwekwa ili idadi ya moja kwenye herufi iwe shufwa. Laptopu yako imepangwa kusoma biti nane zote kama herufi. Herufi ambayo tayari ina idadi shufwa ya moja hupata sifuri kwenye biti ya nane na kusomeka sawa. Yenye idadi witiri huongezewa moja na kuharibika. Kwa namba, 0, 3, 5, 6 na 9 zinapita salama, na 1, 2, 4, 7 na 8 zinaharibika. Ukiona mgawanyo huo, huna haja ya kitabu cha mizani. Ni biti saba, pariti shufwa:

picocom -b 9600 --databits 7 --parity e /dev/ttyUSB0

Ukiona kinyume chake, 1, 2, 4, 7 na 8 ni nzima na 0, 3, 5, 6 na 9 zimeharibika, pariti ni witiri: weka o badala ya e. Nimetumia majina marefu ya vipengele kwa makusudi, kwa sababu herufi fupi za pariti na biti za kikomo zilibadilika kati ya matoleo ya picocom, na amri iliyoandikwa kwenye karatasi ukutani mwaka juzi inaweza kuwa na maana nyingine leo.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba programu nyingine za kurekodi hutupa herufi zisizozijua bila kusema. Gunia la kilo 80.5 linaweza kuingia kama 0.5, na la 50.3 likaingia sawasawa. Ukiletewa malalamiko ya uzito usiolingana, usianze kwa kumshuku karani. Fungua picocom kwanza utazame mstari mbichi.

Unasoma vizuri, ila ukiandika hakuna jibu

Kama unatumia minicom, sababu namba moja ni udhibiti wa mtiririko kwa waya, ambao kwa kawaida umewashwa. Unasoma kila kitu, lakini kila unachobonyeza kinazuiwa ndani ya laptopu kikisubiri CTS. Fungua sudo minicom -s, ingia kwenye mipangilio ya poti, bonyeza F ili "Hardware Flow Control" iwe No. picocom huanza ikiwa imezimwa, na Ctrl-A kisha Ctrl-V inakuonyesha hali ilivyo.

Kisha angalia waya wa pini 3. Kebo nyingi zilizotengenezwa mahususi kwa mizani zina nyaya mbili tu, ya kutuma kutoka mizani na ethi, kwa kuwa aliyeitengeneza hakutegemea mtu kuiuliza mizani chochote.

Baada ya hapo, mwisho wa mstari. Ukibonyeza Enter, picocom hutuma CR (alama ya kurudi mwanzo wa mstari) peke yake. Moduli za GSM zinataka hivyo hivyo: unaandika AT, Enter, inajibu OK. Lakini kuna mizani zinazosubiri CR na LF (alama ya kushuka mstari) kwa pamoja, na hazitajibu mpaka zote mbili zifike. Ongeza --omap crcrlf. Na ikiwa moduli ya GSM inajibu mara moja kisha inazimika kila inapotafuta mtandao, laini haina kosa; ni umeme. Moduli kama SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi, na USB ya laptopu haiwezi kuibeba.

Kwa ruta ya Cisco iliyosahaulika nywila, unahitaji kutuma ishara ya kukatiza mara tu inapowaka. Kwenye picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-\.

Kutoona unachoandika si kosa, kifaa hakirudishi mwangwi tu: Ctrl-A kisha Ctrl-C. Ukiona kila herufi mara mbili, bonyeza hivyohivyo kuuzima.

Mistari imepangana kama ngazi, au inafutana

Ngazi: kifaa kinatuma LF bila CR. Weka --imap lfcrlf. Kufutana, kila uzito ukiandikwa juu ya uliotangulia: kinatuma CR bila LF. Weka --imap crcrlf. Data yenyewe haina ubaya.

Inafanya kazi, halafu inakatika

Acha dmesg -w ikiwa wazi kwenye dirisha la pili na uendelee na kazi. Ukikatika muda uleule inapoandika "USB disconnect", kosa ni la upande wa USB: tundu lililolegea, kebo, au adapta. Baada ya hapo adapta hurudi ikiwa ttyUSB1, kwa sababu programu bado imeishikilia ttyUSB0 ya zamani, na mtu anadhani imekufa. Funga programu zote, chomoa, chomeka.

Kama dmesg imetulia na herufi zinapotea tu, nenda kwenye waya. Huku pwani, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, hewa ya chumvi huwahi kula pini za plagi. Rangi ya kijani kwenye shaba ndiyo dalili. Safisha kwa spiriti na mswaki mkavu, kaza skrubu mbili za plagi ambazo watu huziacha zikining'inia, na plagi isiyotumika ifunike. Vumbi la maganda ya korosho nalo huingia humo.

Tazama urefu. RS-232 haikutengenezwa kwa umbali. Mita 15 ndiyo hesabu ya kawaida. Kuvuta kebo kutoka mizani ya mlango wa ghala hadi ofisi ya upande wa pili, ikipita karibu na mota au nyaya za umeme, ni kutafuta herufi za kupotea. Kushusha baudi hadi 2400 husaidia kwa dharura, na mstari mmoja wa uzito hauhitaji kasi. Suluhisho la kudumu ni RS-485, inayofika hadi mita 1200, yenye kigeuzi kila upande. Nyaya zake mbili huandikwa A na B, na watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi. Ukipata takataka au kimya baada ya kuifunga, zipishanishe kwanza.

Na kuna kukatika kunakotokea tu laptopu ikiwa kwenye chaji. Chomoa chaji, fanya kazi kwa betri. Ikipona, ethi ya umeme wa laptopu na ya mizani hazilingani, na tofauti hiyo inapita kwenye waya wako wa pini 5. Hilo ni tatizo la usalama wa watu pia, kwa hiyo mwite fundi umeme apime ethi ya ghala. Kwa upande wa mawasiliano, adapta yenye utenganisho wa umeme ndani yake inamaliza tatizo.

Mwisho, kama laptopu moja inahudumia mizani mbili, usitumie ttyUSB0 na ttyUSB1 kwenye mipangilio. Majina hayo hufuata nani kachomekwa kwanza, na asubuhi moja mizani ya kupokelea itaandikwa kama ya kutolea. Tumia majina yaliyomo ndani ya /dev/serial/by-id/, ambayo hubaki na adapta yake popote itakapochomekwa. Adapta za CH340 kwa kawaida hazina namba zao za pekee, kwa hiyo mbili za aina moja hazitatofautishwa hapo. Kwa hizo tumia /dev/serial/by-path/, bandika lebo kwenye tundu na kwenye kebo, na andika kwenye lebo hiyohiyo baudi, biti na pariti ulizozithibitisha leo.